Kuenzi si kunakili: dhana potofu kuhusu jazi ya leo inayowakumbuka waliotangulia

Mtajie jazi mtu aliyekulia Tanzania, naye atakutajia bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na huko Kinshasa, OK Jazz ya Franco. Kumbukumbu hiyo ni tamu, lakini ndiyo inayozaa dhana potofu ya kwanza. Bendi zile zilipiga muziki wa dansi, wenye rumba ya Kuba ndani yake na midundo ya kwetu, na neno "Jazz" kwenye majina yao lilimaanisha muziki wa kisasa wa mjini. Jazi ninayoizungumzia hapa ilizaliwa na Wamarekani Weusi, New Orleans ikiwa kitovu chake, mwanzoni mwa karne ya 20. Ilitokana na bluzi, ragtime (muziki wa piano wenye mdundo wa kurukaruka), nyimbo za kanisani na bendi za matarumbeta zilizopita mitaani hata kwenye mazishi.

Muziki huo una zaidi ya miaka 100 sasa, na vijana wanaourekodi leo wanabeba mzigo wa waliotangulia. Kuhusu namna wanavyoubeba, nimesikia mengi yasiyo kweli, na baadhi niliyaamini mwenyewe kwa miaka.

Dhana: Kuenzi jazi ya zamani ni kuipiga kama ilivyopigwa

Kuna kundi la wanamuziki waliolijaribu jambo hili hadi mwisho wake. Mwaka 2014 bendi ya Mostly Other People Do the Killing ilitoa albamu iitwayo *Blue*. Walichukua *Kind of Blue* ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa 1959, wakairudia noti kwa noti: kila solo, yaani pale mpigaji mmoja anapotamba peke yake, kila pumzi, kila kuchelewa kidogo kwa mpiga ngoma. Jon Irabagon alipiga sehemu zote mbili za saksafoni, ya John Coltrane na ya Cannonball Adderley. Kazi hiyo ilidai ustadi wa kutisha.

Sikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine. Noti ni zilezile, lakini kuna kitu kimetoroka. Mwaka 1959 Davis aliingia studio na michoro mifupi tu ya nyimbo, na wenzake walikuwa wakiitafuta njia huku kanda ikizunguka. Unachokisikia ni watu sita wasiojua sentensi inayofuata itaishia wapi. Wale wa 2014 waliijua kila sentensi kwa moyo. Nao walilielewa hilo vizuri, maana kwenye jalada waliweka hadithi ya mwandishi wa Argentina Jorge Luis Borges kuhusu mtu anayeandika upya *Don Quixote* neno kwa neno. Ile albamu ni swali, na jibu linapatikana masikioni: hata nakala kamilifu haimrudishi mtu aliyekuwa akitafuta.

Sasa mweke mpiga piano Jason Moran kando ya hao. Mwaka 2023 alitoa *From the Dancehall to the Battlefield*, albamu ya kumkumbuka James Reese Europe. Wengi wetu hatumjui Europe, na hilo peke yake linanisikitisha. Mwaka 1912 aliongoza okestra ya wanamuziki Weusi ndani ya Carnegie Hall, New York, ukumbi ambao watu weusi hawakuuzoea kama wao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akawa luteni katika kikosi cha 369 cha askari Weusi, akaiongoza bendi yao huko Ufaransa, na Wafaransa wakasikia midundo ambayo hawakuwahi kuisikia. Alirudi nyumbani salama kutoka vitani, kisha Mei 1919 akauawa kwa kisu na mpiga ngoma wa bendi yake mwenyewe.

Moran hakujifanya kwamba yuko 1919. Rekodi za Europe zina sauti nyembamba, za enzi ya kupigia ndani ya pembe la kunasia sauti, na zina mwendo wa haraka kama watu wanaokimbizwa na saa. Moran anazichukua nyimbo hizo, anazipunguza mwendo pale anapotaka tusikie huzuni iliyokuwa imefichwa na kelele za sherehe, anaziunganisha na muziki uliokuja miaka 40 au 50 baadaye. Ukimaliza kusikiliza unaelewa kwamba Europe hakuwa utangulizi wa mtu mwingine. Kwangu hiyo ndiyo heshima: kumfanya marehemu azungumze na sisi.

Dhana: Jazi ni kupiga utakavyo, kwa hiyo hakuna mapokeo ya kuheshimu

Hii ndiyo niliyoiamini kwa muda mrefu kuliko zote. Nilisikia solo ndefu ya saksafoni nikadhani mtu anamwaga tu yaliyomjia.

Ukweli ni kwamba chini ya solo kuna umbo linalozunguka: mara nyingi bluzi ya hatua 12, kila hatua ikiwa na mapigo manne, au wimbo wa vipande vinne ambapo kipande cha tatu kinabadilika na kuitwa daraja. Mpigaji anatunga papo kwa papo, lakini anatunga juu ya nyumba yenye nguzo zinazojulikana. Anayejua kasida au taarabu hatashangaa. Kwetu mtu hupewa mahadhi ya zamani akapachika maneno mapya, na msikilizaji anafurahi mara mbili, kwa jipya na kwa lile la kale linalonong'ona chini yake.

Mfano wangu ni wimbo mmoja, *Cherokee*. Aliutunga Mwingereza Ray Noble mwaka 1938, wimbo wa dansi wa bendi kubwa. Daraja lake linapita kwenye funguo za mbali, na wapigaji wengi walilikwepa. Novemba 1945 mpiga saksafoni Charlie Parker akayaondoa mahadhi ya Noble, akabakisha mifupa, akapiga kwa mwendo wa kimbunga. Akakiita *Ko-Ko*, na kizazi kizima cha wapiga saksafoni kikalazimika kurudi shule.

Miaka 70 baadaye, 2015, mpiga saksafoni Kamasi Washington wa Los Angeles akaiweka *Cherokee* kwenye *The Epic*, albamu ya karibu saa tatu. Mtu angetarajia ashindane na Parker kwa kasi. Hakufanya hivyo. Aliupunguza mwendo ukawa wa kutembea jioni, akampa Patrice Quinn auimbe, na besi ikawa na uzito wa muziki wa soul. Wimbo uliogeuzwa uwanja wa mashindano ukarudi kuwa wimbo wa watu. Lakini ili usikie alichokifanya, lazima ujue alichokifanya Parker, na ili umwelewe Parker lazima umjue Noble.

Samara Joy, mwimbaji wa Bronx, New York, aliyezaliwa 1999, amekwenda njia nyingine. Kwenye *Linger Awhile* ya 2022 alichukua solo ya tarumbeta ya Fats Navarro katika *Nostalgia*, rekodi ya 1947, akaiandikia maneno na kuiimba noti zake. Navarro alifariki akiwa na miaka 26 tu. Kitu alichokipuliza kwa dakika chache sasa kina mashairi.

Dhana: Kompyuta na hip hop zimeua mapokeo

Hapana. Mpiga ngoma Makaya McCraven alifunguliwa hazina ya kampuni ya rekodi ya Blue Note, akakata vipande vya rekodi za kina Art Blakey, mpiga ngoma, na Horace Silver, mpiga piano, akavizungusha kama wafanyavyo watu wa hip hop, akawaita wanamuziki hai wapige juu yake. *Deciphering the Message* ilitoka 2021. Nimewapigia wajukuu na wazee, na wote walitikisa kichwa. Blakey na Silver walikuwa watu wa mdundo, na mdundo ndio uliobaki mbele.

Dhana: Mapokeo ya jazi ni kazi ya wanaume, wanawake waliimba tu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili limefanya madhara.

Mary Lou Williams alikuwa mpiga piano, mtunzi na mpangaji wa muziki. Mwaka 1945 alitunga *Zodiac Suite*, vipande 12 vya nyota 12, akavitolea kwa marafiki zake wanamuziki na wasanii. Siku ya mwisho ya mwaka huo aliupiga na okestra ndogo katika ukumbi wa Town Hall, New York. Ulikuwa muziki ulioivuka mipaka ya jazi na ya muziki wa okestra wakati ambao mwanamke Mweusi hakutarajiwa kuivuka hata mmoja. Baada ya hapo ukakaa pembeni kwa miongo.

Na sasa umerudi kwa milango miwili tofauti. Mwaka 2021 mpiga piano Chris Pattishall alitoa *Zodiac* na kundi dogo, huku Rafiq Bhatia akitandaza sauti za kielektroniki kama ukungu nyuma ya vyombo. (Kwa wanaopenda kujua: wazazi wa Bhatia ni watu wenye asili ya India waliofika Marekani kupitia Afrika Mashariki.) Mwaka 2023 mpiga piano Aaron Diehl akaurekodi pamoja na okestra ya The Knights, akiurudisha kwenye ukubwa ule ambao Williams aliukusudia. Ukiuliza ni yupi aliyekuwa mwaminifu zaidi, mimi nitasema wote wawili. Diehl alikuwa mwaminifu kwa karatasi ya Williams, Pattishall kwa ujasiri wake.

Mpiga ngoma Terri Lyne Carrington ameishika shida hii kwenye mzizi. Vitabu vya nyimbo ambavyo wanafunzi wa jazi hujifunzia, vile ambavyo kila kijana hubeba kwenye begi, vimejaa tungo za wanaume karibu ukurasa kwa ukurasa. Mwanafunzi akikua na vitabu hivyo anaamini wanawake hawakutunga. Basi Carrington akakusanya tungo 101 za wanawake katika kitabu kimoja, na mwaka 2022 akarekodi baadhi yake kwenye *New Standards Vol. 1*, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mapokeo hayakuwa ya upande mmoja. Walioyaandika ndio walioacha kurasa.

Dhana: Kuheshimu zamani ni kuyakubali yote ya zamani

Msikilize Cécile McLorin Salvant, aliyezaliwa Miami kwa baba Mhaiti na mama Mfaransa. Kwenye *WomanChild* ya 2013 aliimba *Nobody* ya Bert Williams, mchekeshaji Mweusi aliyelazimika kujipaka masizi usoni ili kuwafurahisha wazungu. Kwenye albamu hiyohiyo kuna *You Bring Out the Savage in Me*, wimbo wa miaka ya 1930 uliomchora Mwafrika kama mshenzi wa porini. Wengine wangezizika nyimbo hizo. Salvant anaziimba kwa ufundi wote zinazostahili, kila neno wazi, mpaka unasikia uzuri wa sauti na ukatili wa maneno kwa pamoja, na hupati pa kukimbilia. Familia nyingi zina shangazi wa aina hiyo, anayesimulia ya babu bila kumtukana na bila kumficha.

Dhana: Afrika ni chimbuko la mbali tu, na Kiswahili hakimo kabisa

Kiswahili kimo, tena ndani. Mwaka 1971 mpiga piano Herbie Hancock alitoa albamu iliyoitwa *Mwandishi*. Hilo ndilo jina alilolichukua, na wenzake nao walichukua majina ya Kiswahili: Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson, ambaye pia alikuwa daktari, akawa Mganga, na Julian Priester akawa Pepo Mtoto. Kwa Wamarekani Weusi wa wakati ule, lugha yetu ilikuwa njia ya kujiita upya.

Na safari ya kurudi inaendelea. Mpiga piano Nduduzo Makhathini alikuwa Mwafrika Kusini wa kwanza kusaini na Blue Note, na kwenye albamu yake ya 2020, *Modes of Communication: Letters from the Underworlds*, jazi na ibada za mababu wa Kizulu haviko vyumba viwili. Mwaka 2025 Carrington na mwimbaji Christie Dashiell walitoa *We Insist 2025!*, wakiirudia kwa namna yao albamu ya mpiga ngoma Max Roach ya 1960, ile yenye kipande cha kuwalilia waandamanaji waliouawa na polisi huko Sharpeville, Afrika Kusini.

Lakini iko ndugu ya albamu hiyo ya Roach, iliyorekodiwa New York mwaka huohuo, Novemba 1960, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anastahili kuisikia mara moja maishani. Ni *Uhuru Afrika* ya mpiga piano Randy Weston. Muziki ulipangwa na Melba Liston, mpiga trombone aliyefanya kazi na Weston kwa miongo. Tena ni mwanamke, na tena jina lake hutajwa kwa haraka. Sehemu zake zinaitwa *Uhuru Kwanza*, *African Lady*, *Bantu* na *Kucheza Blues*. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964.

Kabla ya tarumbeta na kabla ya piano, inaanza sauti ya mtu. Mshairi Mmarekani Mweusi Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga akalifasiri na kulisoma kwa Kiswahili, mwaka mmoja kabla bendera yetu haijapandishwa. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nimevaa spika za masikioni ndani ya basi la jioni, sikuwa nimeambiwa kitu. Nilishuka kituo kisicho changu nikaianza upya.