Daughters of the Nile ni nini?

Kwanza tuondoe mkanganyiko: Daughters of the Nile, yaani Mabinti wa Nile, hawana uhusiano na Jinja, Khartoum wala Aswan, miji iliyo kando ya mto huo. Ni chama cha wanawake wa Marekani na Kanada. Kilianzishwa Seattle, jimbo la Washington, mwaka 1913, na wanawake 22 waliokuwa wake wa Shriners, yaani wanachama wa chama cha udugu cha wanaume.

Kwa hiyo huwezi kuwaelewa bila kuwajua Shriners, na hapo ndipo msomaji wetu hushtuka, maana kuwa Mshriner ni lazima kwanza uwe Freemason. Huku kwetu neno hilo limeharibiwa na matapeli wanaobandika namba za simu kwenye nguzo za umeme, eti jiunge upate utajiri wa haraka. Kule Marekani mambo yako kinyume: mwanachama ndiye anayetoa ada. Shriners walianza New York mwaka 1872 wakiwa kundi la kujiburudisha, wakapenda mapambo ya Kiarabu na Kimisri, tarbushi nyekundu kichwani, na tawi lao la kwanza wakaliita Mecca. Uislamu haumo kabisa; ilikuwa mitindo ya enzi ile, na kusema kweli leo inaonekana ni ya ajabu kidogo.

Mwaka 1920, polio ikiwa imewalemaza watoto wengi, Shriners walikutana Portland, Oregon, wakakubaliana kila mwanachama atoe dola 2 kwa mwaka kwa ajili ya hospitali ya watoto. Hospitali ya kwanza ilifunguliwa Shreveport, Louisiana, mwaka 1922. Nyingine zikafuata, hadi Montreal na Mexico City. Zinatibu mifupa na viungo, mguu kifundo (wayo uliopinda tangu kuzaliwa), uti wa mgongo uliopinda, mdomo sungura na majeraha ya moto. Kwa miongo mingi hazikutoza kitu. Siku hizi zinapokea bima, lakini mtoto hakataliwi kwa sababu wazazi hawana fedha.

Wale wanawake wa Seattle hawakuanza na hospitali, kwani hospitali zenyewe zilikuwa hazijakuwepo. Walianza na udugu: mikutano, taratibu za kumpokea mwanachama mpya, na vyeo. Tawi huitwa hekalu, na kiongozi wake huitwa malkia. Mchango kwa hospitali za Shriners ulianza mwaka 1924, na tangu hapo umekuwa ndiyo sababu kubwa ya chama kuwepo.

Tumezoea vikundi vya kufa na kuzikana, ambapo unachangia leo ili kesho nawe ushikwe mkono. Chama cha udugu cha aina hii kina upande huo wa kujuliana hali, ila fedha inayochangwa haimrudii mchangiaji. Inakwenda kwa mtoto wa mtu baki.

Sehemu ya kazi hufanywa kwa sindano. Wanachama hushona mablanketi ya viraka, wanasesere na nguo. Nguo si jambo dogo hospitalini. Mtoto aliyefungwa plasta kuanzia kiunoni hadi vifundoni hawezi kuvaa suruali ya dukani. Anahitaji iliyopasuliwa pembeni na kufungwa kwa kamba au kitambaa cha kunata. Kiwandani nguo ya namna hiyo haina soko, lakini fundi mwenye cherehani nyumbani anaweza kuimaliza jioni moja.

Sehemu nyingine ni fedha, na kwa maoni yangu hapa ndipo walipofikiri vizuri zaidi. Mbali na fedha wanazochangisha na kuzitumia, wana mfuko wa kudumu: mtaji unawekezwa hauguswi, na faida yake ndiyo inayotoka. Mahitaji ya watoto yanadai mpango wa namna hiyo. Mtu mzima akipata mguu wa bandia anaweza kukaa nao miaka kadhaa. Mtoto wa miaka minne anarefuka. Mguu uliomkaa vizuri mwaka jana mwaka huu ni mfupi, na soketi yake, yaani sehemu inayoshika kisiki cha mguu, inambana. Atahitaji mwingine, na mwingine tena, hadi atakapoacha kukua. Harambee ya siku moja hulipia mguu wa kwanza, lakini mguu wa tano na wa sita unataka chanzo kisichokauka.

Mgonjwa hahitaji kuwa na ndugu kwenye chama ili atibiwe. Kujiunga ndiko kwenye masharti. Zamani mlango ulikuwa mwembamba, ukipitia ndoa au damu ya Mshriner. Vyama vya udugu vya Marekani vimekuwa vikipungukiwa watu kwa miongo sasa, na mlango umepanuliwa. Miongoni mwa wanaokaribishwa bila kuulizwa ukoo ni wanawake watu wazima ambao utotoni walitibiwa katika hospitali hizohizo.