Kwa nini gemu ya zamani haikimbii zaidi kwenye mashine mpya?

Mwaka juzi kijana mmoja mwenye banda la gemu pale Majengo, Moshi, aliniita nimwangalizie PlayStation 5 aliyotoka kuinunua. Alikuwa ameingiza diski yake ya zamani ya Grand Theft Auto V (GTA V), ileile aliyokuwa akiitumia kwenye PlayStation 4, na magari yakaenda kwa uzito uleule. "Kaka, wateja wanasema nimepigwa," aliniambia. Nikamjibu bila kusita: mdogo wangu, umepigwa kweli, hii mashine imechezewa ndani, irudishe. Akairudisha, akagombana na muuzaji mbele za watu, na kumbe mashine ilikuwa nzima kabisa. Aliyekosea ni mimi. Tangu hapo nimeyasikia makosa yangu yaleyale midomoni mwa watu wengi, ndiyo maana nayaeleza kwa kirefu.

Nilichokuwa nacho kichwani ni hesabu ya kugawanya. PlayStation 4, iliyotoka 2013, ina chipu ya michoro yenye uwezo wa teraflopsi 1.84; ile ya PlayStation 5, ya 2020, inafika 10.28. Teraflopsi moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde. Ukigawanya unapata zaidi ya mara tano, nami nikadhani gemu yoyote itakayowekwa humo lazima iongeze mwendo, hata kama si mara tano. Tulipojaribu na FIFA, gemu ya mpira, tofauti ikawa ndogo vilevile, nikaona ushahidi umekamilika. Sikujua kwamba mechi za FIFA zilikuwa zikienda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde tangu enzi za PlayStation 4, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kuongeza. GTA V ya PlayStation 4 nayo imeandikwa itoe fremu 30, na diski ile inatoa 30 popote utakapoiweka. Machi 2022 lilitoka toleo la PlayStation 5 lenye uchaguzi wa fremu 60. Mashine ni ileile, mitaa ni ileile, magari ni yaleyale; kilichobadilika ni maandishi ya programu.

Teraflopsi zinaeleza kazi ambayo chipu inaweza kuifanya ikiombwa. Anayeomba ni programu.

Waliokulia Kibosho au Marangu wanaujua mfongo, mfereji unaochota maji ya mto huko juu karibu na msitu na kuyashusha hadi kwenye vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba. Mto ukijaa, kihamba chako hakipati maji kwa sababu hiyo peke yake. Unapata maji zamu yako ikifika, na unapata kiasi ambacho banio, mlango wa maji kule juu, limeachwa wazi. Mambo hayo mawili, zamu na banio, yanatosha kulieleza tatizo la yule kijana.

Tuanze na zamu. TV ya kawaida huchukua picha mpya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 (sekunde moja ina milisekunde 1,000). Katika kila zamu mashine inatakiwa iwe imeshapiga hesabu zote: gari limefika wapi, nani amempiga nani, mwanga unaangukia wapi, kisha ichore picha nzima. Picha ikiwa tayari, inapita. Sasa tuseme kazi imechukua milisekunde 18. Imechelewa kwa milisekunde 1.3 tu, lakini zamu imeshapita, na kwa kawaida picha haipitishwi katikati kwa sababu skrini ingeonekana imechanika vipande viwili. Inabidi isubiri hadi zamu ifuatayo, kwenye milisekunde 33.3, na wakati huo TV inarudia kuonyesha picha ya zamani. Hali hiyo ikiendelea, gemu haishuki kutoka fremu 60 hadi 55. Inaanguka moja kwa moja hadi 30. Nilipolielewa hili ndipo nilipoacha kushangaa kwa nini watengenezaji wanakesha wiki nzima wakitafuta milisekunde mbili za kupunguza. Mbili hizo zinaweza kuwa nusu ya mwendo wote.

Kwenye mashine ya 2013 watengenezaji wengi waliona hawataziwahi zamu zote, wakaamua gemu ichukue moja na kuiruka inayofuata, daima. Fremu 30 zisizoyumba zinapumzisha jicho kuliko mwendo wa kupanda na kushuka. Amri hiyo ndiyo banio. Ukiipeleka programu ileile kwenye PlayStation 5, picha inakamilika mapema, kisha mashine inakaa kimya ikingoja zamu iliyopangiwa. Mto umefurika masika, na banio liko vilevile.

Mbona basi lisifunguliwe tu? Kwa sababu gemu nyingine zinahesabu muda kwa picha. Kama programu inasema gari lisogee hatua moja kila picha, ukizidisha picha mara mbili gari nalo linakwenda mbio mara mbili. Katika Dark Souls II ya 2014, waliocheza kwenye kompyuta kwa fremu 60 waliona silaha zao zinachakaa haraka kuliko za wenzao wa fremu 30, kwa sababu uchakavu ulifungamana na idadi ya fremu. Cha kale zaidi, na ninachokipenda kuliko vyote, ni Space Invaders ya 1978. Wale wavamizi huongeza kasi kadiri wanavyopungua, na chanzo chake ni chipu kuwa na wachache wa kuchora. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, aliona inanoga, akaiacha hivyo.

Kuboresha programu, basi, ni kulifungua banio bila kuking'oa kihamba: kutenganisha muda na picha, kugawa kazi upya kwa chipu mpya, kupunguza uzito wa vitu vilivyo mbali ambavyo hakuna anayevitazama. Na kilichoboreshwa kwa mashine moja kinaweza kuwa mzigo kwa nyingine. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 5, alieleza Machi 2020 kwamba ndani ya Marvel's Spider-Man ya PlayStation 4 data za vitu kama masanduku ya posta zilirudiwa hadi mara 400 kwenye diski ya kuhifadhia iliyo ndani ya mashine, ili sindano ya diski inayozunguka isipoteze muda kuzitafuta. Ulikuwa ufundi mzuri. Kwenye hifadhi ya PlayStation 5 isiyo na kitu kinachozunguka, nakala hizo zinakula nafasi bure.

Zipo gemu ambazo waandishi wake hawakuweka kikomo kigumu, na hizo hupata nafuu siku ileile unapobadilisha mashine. Februari 2021 Microsoft ilianza kuziongezea fremu baadhi ya gemu za zamani za mashine yake ya Xbox bila kugusa programu zenyewe, ikianza na tano tu, kwa kuwa ilibidi ihakikishe moja baada ya nyingine kwamba hazivurugiki. Mwezi huohuo God of War ya 2018 ilipata sasisho dogo la kuifikisha fremu 60 kwenye PlayStation 5.

Yule kijana siku hizi hunipigia kabla ya kununua gemu. Juzi aliuliza kuhusu fremu 40, uchaguzi uliowekwa kwenye Ratchet & Clank: Rift Apart mwaka 2021. Zamu 60 hazigawanyiki kwa 40, lakini TV yenye zamu 120 inatoa picha moja kila zamu tatu, milisekunde 25 kamili. Nilimuuliza TV ya bandani ina zamu ngapi. Ni 60, kwa hiyo hela yake imebaki mfukoni.