Ukinakili kutoka Word, umebeba na magamba

Jumatatu asubuhi katibu wa shule moja upande wa Nyamasaria, Kisumu, alinipigia simu amechemka. "Fundi, barua yangu imevaa nguo za watu watatu!"

Alikuwa ametuma mwaliko wa mkutano wa wazazi. Kwenye kompyuta yake ulikuwa safi, ila kwenye simu ya mwenyekiti wa bodi aya moja ilikuwa na herufi ndogo, iliyofuata kubwa, na mstari mmoja ulikuwa na utepe mweupe nyuma yake, kama plasta.

"Madam, haya maneno umeyatoa wapi?"

Aya ya kwanza aliiandika palepale kwenye Gmail. Ya pili aliitoa kwenye barua ya mwaka jana ya Word. Ule mstari wenye plasta ulitoka kwenye tovuti fulani. Hapo sikuwa na haja ya kupanda boda kwenda kuitazama.

Wengi hudhani wakibonyeza Ctrl na C wamechukua maneno basi. Kumbe Word huhifadhi nakala kadhaa za kitu kilekile kwa mpigo: maandishi matupu, RTF, yaani maandishi yenye mapambo yake, na HTML, ile lugha ya kurasa za wavuti. Wakati wa kubandika, programu inayopokea ndiyo huchagua. Notepad ya zamani huchukua maandishi matupu kwa sababu haijui kingine. Kisanduku cha baruapepe hupenda HTML, na HTML ya Word huja na fonti, ukubwa, rangi, nafasi za aya, pamoja na vikorokoro vya Microsoft Office vinavyoanza na "mso". Ni kama kununua samaki wa ngege pale ufukweni Dunga: usipomwambia mama akutolee magamba, utayakuta jikoni kwako.

Mzigo huo una gharama. Gmail hukata ujumbe wenye HTML inayozidi takriban kilobaiti 102, na msomaji lazima abonyeze kiungo ndipo aone uliobaki.

Kwa nini basi kwake ulionekana sawa? Kompyuta yake ina fonti ya Calibri iliyotumika kwenye ile barua. Simu isiyo nayo huweka fonti yake yenyewe. Vipimo navyo hugongana. Word huhesabu kwa pointi, 72 kwa inchi, wavuti kwa pikseli, 96 kwa inchi, kwa hiyo herufi za pointi 11 huwa karibu pikseli 15, na aya uliyoichapa mwenyewe hufuata kipimo cha kisanduku. Ile plasta ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Tovuti ilikuwa imeagiza usuli mweupe, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Mwenyekiti anatumia mandhari meusi. Usuli wa simu ukawa mweusi, utepe ukabaki na weupe wake.

Dawa ni Ctrl, Shift na V badala ya Ctrl na V: unabandika maneno matupu. Kama umeshabandika kwenye Gmail, chagua maandishi yote kisha bonyeza Ctrl na \ uondoe mapambo. Mimi bado hupitishia kila kitu Notepad kwanza. Vijana wa ofisini hunicheka, lakini Notepad haijawahi kuniangusha.

Angalia mambo mawili tu. Neno lililoficha kiungo litabaki neno, kiungo kitapotea. Na ukinakili kutoka PDF, mistari itakatikakatika hata ukitumia Shift, maana mikato hiyo imo ndani ya maandishi yenyewe. Hiyo utaiunganisha kwa mkono.

Madam alijaribu, akaniambia barua imenyooka. Dakika kumi baadaye simu ikalia tena: jedwali la karo limegeuka msururu wa tarakimu. Nikamwambia alirudishe kwenye Word, alihifadhi kama PDF, aliambatishe.

"Sasa si ungesema mapema, fundi?"

Hakuwa ameniambia kuna jedwali.