Saratani Inaporudi Kwenye Titi Lililohifadhiwa

Wanawake waliotolewa uvimbe na kuachiwa titi huniuliza: “Daktari, si bora ningetolewa lote nikapumzika?” Hofu hiyo naielewa. Utafiti wa daktari mpasuaji Bernard Fisher na wenzake huko Marekani, ambao matokeo yake ya miaka 20 yalitolewa mwaka 2002, haukukuta tofauti ya kuishi kati ya waliohifadhi titi na walioondolewa titi zima.

Tofauti kubwa waliikuta kwa mionzi. Kati ya waliotolewa uvimbe tu, karibu asilimia 39 walirudiwa na saratani kwenye titi lilelile. Waliopata na mionzi ni takribani asilimia 14. Kwa tiba za sasa viwango viko chini zaidi. Ndiyo maana huniuma sana mgonjwa anapoacha mionzi njiani kwa kuwa kidonda kimepona na anajisikia mzima. Chembe chache za saratani zinaweza kubaki pale ambapo jicho la mpasuaji halifiki, na hizo ndizo mionzi inazozifuata. Vidonge vya homoni navyo, kwa aliyeandikiwa, humezwa miaka 5 au zaidi, kwa sababu saratani inayokuzwa na homoni inaweza kurudi hata baada ya miaka mingi ya kimya.

Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri mdogo, na pale maabara inapokuta saratani kwenye kingo za nyama iliyotolewa. Kingo zikiwa hivyo, kubali kurudi chumba cha upasuaji.

Lizoee titi lako jipya. Baada ya mionzi kovu huwa gumu, ngozi hubadilika rangi, na mara nyingine mafuta yaliyoharibika hufanya kivimbe kisicho saratani. Kwa kidole pekee hata sisi hatuwezi kutofautisha. Basi kivimbe kipya karibu na kovu, wekundu usioisha, chuchu kuzama au kutoa majimaji, au tezi kwapani, vyote vije kliniki bila kungoja miadi. Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, ya kila mwaka, ya matiti yote mawili, isikose.

Ikirudi, tunachukua kinyama upya na kupima tena vipokezi vya homoni (sehemu za chembe zinazopokea homoni) na HER2 (protini inayoweza kuchochea saratani kukua), maana huweza kubadilika, kisha tunachunguza kama imesambaa. Ikiwa imebaki kwenye titi, mara nyingi huondolewa titi zima, na wengi bado hutibiwa kwa lengo la kupona.