Je, wajua kwa nini Tetris ni gemu nyepesi na ni gemu nzito?

Waulize watu gemu nyepesi ni ipi, wengi watakutajia yenye picha za kitoto, inayochezwa kwenye simu ndani ya daladala. Nzito, kwao, ni ya mapanga na bunduki, inayotaka PlayStation. Mgawanyo huo hausimami. Tazama mambo mawili: ukikosea unapoteza nini, na gemu inakudai nini ili usonge mbele.

Candy Crush Saga ya 2012 inakupa maisha 5. Ukishindwa levo, moja linaondoka na kurudi lenyewe baada ya dakika 30. Unadaiwa subira, au pesa. Unaweza kuiacha katikati, upokee simu, urudi ukute kila kitu mahali pake. Dark Souls ya 2011 haikusubiri hata ukifungua menyu. Ukifa, roho ulizokusanya, ambazo ndizo pesa ya gemu hiyo, zinabaki pale ulipoangukia, na ukifa tena kabla hujazifikia, umezikosa moja kwa moja. Mpaka hauna kipimo rasmi, na gemu nyingi zinaangukia katikati.

Tetris ya 1989, ile ya mashine ya gemu ya Nintendo iitwayo NES, inaishi pande zote mbili. Matofali yanashuka mojamoja, unayapanga yajaze mstari, na mstari ukijaa unafutika. Uwanja wake una mistari 20 na safu wima 10, na mtoto anaielewa kwa dakika moja. Levo za mwanzo, tofali likikaa vibaya unalifunika, unakuja kulifukua baadaye. Levo ya 29 hakuna baadaye: tofali linashuka mstari mmoja kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, na toleo la Marekani lina fremu 60 kwa sekunde. Juu hadi chini ni theluthi ya sekunde.

Kasi peke yake siyo iliyowakwamisha watu. Kishale cha pedi, kile cha kusogeza tofali kushoto na kulia, kimechangia. Shikilia herufi A kwenye kibodi: inatokea A moja, inatulia kidogo, kisha zinamiminika. Kishale nacho ni hivyohivyo. Hatua ya kwanza ni papo hapo, ya pili baada ya fremu 16, zinazofuata kila baada ya fremu 6. Kulifikisha tofali refu lililosimama kwenye ukuta wa kushoto kunataka hatua 5, yaani fremu 34, na wewe unazo 20 hivi. Hata ukishikilia kabla tofali halijatokea, ukazikwepa zile 16, hatua 5 bado zinakula fremu 24.

Dawa ni kuacha kushikilia. Mmarekani Thor Aackerlund alifika levo ya 30 mwaka 2011 kwa kukitetemesha kidole gumba juu ya kishale. Baadaye ikaja mbinu kali zaidi: gumba linatulia juu ya kishale, vidole vya mkono wa pili vinagonga mgongo wa pedi kimojakimoja, na kila pigo linakisukuma kishale kwenye gumba. Usibane gumba sana, maana kishale kisiporudi juu, mapigo mawili yanahesabiwa moja.

Kwa mbinu hiyo, Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, alifika levo ya 157 na gemu ikaganda. Hesabu za pointi zilikuwa zimezidi muda wa fremu moja.