Gramafoni mpya si lazima ilete sauti bora
Wengi huamini kwamba sauti ya santuri ikianza kukwaruza, dawa ni kununua gramafoni ya bei kubwa zaidi. Dhana hiyo husahau kwamba kinachosoma mfereji wa santuri ni sindano, ambayo kwa kawaida huchakaa baada ya saa 500 hadi 1,000 za kucheza, na ikiendelea kutumika huziharibu hata santuri zenyewe. Mgandamizo wa sindano juu ya santuri nao, ambao mara nyingi huwa karibu gramu 2, ukipungua mno huifanya sindano irukeruke. Kubadilisha mashine huwa na maana pale sahani inayobeba santuri inaposhindwa kudumisha mizunguko 33⅓ kwa dakika (ingawa hata hapo mimi ningeanza kwa kubadilisha mkanda unaoizungusha), au pale mtetemo wa mota unaposikika katika spika.