Je, wajua? Kwa nini usukani huwa mwepesi gari likivuta trela

Anayevuta boti kwa pikapu kutoka Malindi kwenda Mombasa, safari ya kilomita 120 hivi, huenda akaligundua jambo hili kabla hajafika Gede: usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Anakata kona, gari linachelewa kuitika. Ikiwa ni usiku, wanaokuja mbele wanampigia taa, naye anadhani wana ugomvi, kumbe taa zake mwenyewe zinawamulika machoni. Pua ya gari imeinuka.

Trela haisimami kwa magurudumu yake peke yake. Sehemu ya uzito wake, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, huikalia ndoano ya gari, na ndoano hiyo iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Ni kama mashua ambayo abiria wote wamejazana tezi, yaani nyuma: lazima omo, yaani mbele, iinuke.

Tupige hesabu. Tuseme trela na boti lake ni kilo 1,200, na kilo 150 zimekalia ndoano. Ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na baina ya ekseli mbili za gari ni mita 3. Zidisha 150 kwa 1.2, gawa kwa 3: kilo 60 zimeondoka kwenye magurudumu ya mbele. Zimehamia nyuma, ambako sasa kuna kilo 210 za ziada. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Gari linalosukumwa na magurudumu hayo hayo hupata hasara mara mbili, hasa likipandisha boti kwenye mchanga.

Fundi wengi watakwambia uongeze springi za nyuma. Gari litakaa sawa, taa zitashuka, nawe utaridhika. Mimi siiti hiyo dawa. Springi huinua bodi tu. Uzito ulio kwenye ndoano ni ule ule na masafa ni yale yale, kwa hiyo zile kilo 60 hazijarudi mbele.

Wengine husukuma mizigo nyuma ya trela ili ndoano ipumue. Hapo ndipo pa hatari. Ndoano ikipungukiwa na uzito, trela huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na huweza kulipindua gari. Boti lenye injini nzito tezi tayari limeelemea huko, usiliongezee.

Pima kwanza. Trela ikiwa imepakiwa kama ya safari, iweke mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha pumzisha mkono wake juu ya mizani ya magunia, kwa kimo kile kile cha ndoano. Ukikuta asilimia 20, sogeza madumu ya mafuta na makasha ya barafu yaliyo omo yaende karibu na ekseli ya trela, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Vilivyo nyuma kabisa ya pikapu visogeze hadi mgongoni mwa kebini. Jaza upepo tairi za nyuma kwa kiwango cha gari lililopakia.

Kwa trela kubwa, kama zile nyumba za magurudumu za Marekani, kuna ndoano maalumu yenye vyuma viwili vya springi. Vikikazwa kwenye mkono wa trela, vyuma hivyo hurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele ya gari, na nyingine huenda kwenye ekseli ya trela. Kabla ya kuifunga, soma kitabu cha gari na cha trela, maana baadhi haviiruhusu. Halafu chukua futi: pima kutoka chini hadi ukingo wa mudigadi ya mbele, kabla ya kufunga trela na baada yake. Ikiwa mbele ilipanda sentimita 4, kaza hadi ishuke angalau 2, ila isiwe chini ya kimo cha mwanzo.